Timu Moja Tu: Hesabu Iliyofichwa Ndani ya Mkeka Halali

Jumamosi moja jioni nilikuwa kwa kinyozi wa mtaani kwetu, nikisubiri zamu yangu, pale kijana aliyekuwa akinyoa alipoizima mashine ghafla katikati ya kichwa cha mteja. Simu yake, aliyokuwa ameiegemeza kwenye kioo, ilionyesha mkeka wa mechi kumi. Tisa zilikuwa zimeshatiki kwa rangi ya kijani, na ya kumi ilikuwa dakika ya 88, bado sare ya bila kufungana. Mwamuzi alipopuliza kipenga cha mwisho, kijana hakulaani wala hakununa. Alicheka. "Timu moja tu," akamwambia mteja wake, "moja tu ndiyo imenichania mkeka. Wiki ijayo lazima." Halafu akawasha mashine na kuendelea na kazi.

Kicheko kile ndicho kilichonifanya niandike. Mtu aliyepoteza dau lake lote alijiona amekaribia kushinda, na kukaribia huko kukampa sababu ya kurudi. Watu wengi wanapozungumzia hatari za kubeti kwa vijana huzungumzia tamaa, uvivu au maadili, na mahubiri hayo kijana ameyazoea tangu utotoni. Ni nadra kwake kuonyeshwa hesabu, kwamba ule mkeka "uliokosa kidogo" si ajali ya bahati mbaya bali ni tokeo la kawaida kabisa la bidhaa aliyouziwa, na kwamba leseni ya serikali iliyobandikwa chini ya ukurasa haisemi lolote kuhusu bei ya bidhaa hiyo.

Tuanze na bei, kwa kuwa kubeti kuna bei ingawa haiandikwi popote. Chukua mechi moja ambayo kampuni imeipa timu ya nyumbani odi (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda) ya 2.40, sare 3.20 na wageni 2.80. Gawanya moja kwa kila odi, upate uwezekano ambao kila odi inaudai: takriban asilimia 41.7, asilimia 31.3 na asilimia 35.7. Ukijumlisha unapata karibu asilimia 108.6. Lakini mechi moja haiwezi kuwa na matokeo yanayozidi asilimia 100. Hiyo 8.6 ya ziada ndiyo ada ya kampuni, na maana yake ni kwamba kwa wastani kila shilingi 100 zinazowekwa kwenye odi hizo hurudisha shilingi 92 hivi. Kwa mechi moja ada hiyo si kubwa sana. Mtu mzima akiamua kuilipa ili afurahie mpira wake wa Jumapili, ni kama alivyolipia soda na kiti cha mbele kwenye banda umiza.

Lakini kijana wa kinyozi hakuweka mechi moja. Vijana wachache sana huweka mechi moja, kwa sababu odi ya 1.15 kwa timu inayotarajiwa kushinda haiwashi moyo wa mtu mwenye shilingi 50 mfukoni. Anachofanya ni kusuka mkeka: timu kumi "za uhakika", odi zao zinazidishwa, na shilingi 50 zinaahidi kulipa karo au kodi ya nyumba. Hapa ndipo ada hujificha vizuri zaidi, kwa sababu odi zinapozidishwa, ada nayo inazidishwa.

Tuseme kila moja ya timu hizo kumi ina nafasi ya kweli ya kushinda ya asilimia 80, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa. Odi ya haki kwa timu kama hiyo ingekuwa 1.25, ila kampuni, baada ya kukata ada ile ile ya juu, inatoa 1.15. Kwa odi za haki, mkeka wa shilingi 100 ukitiki ungelipa shilingi 931. Kwa odi za kampuni unalipa kama 405. Na je, utatiki mara ngapi? Nane juu ya kumi, ikizidishwa yenyewe mara kumi, inatoa nafasi isiyofika asilimia 11. Kwa hiyo aliyesuka mikeka 100 ya namna hiyo, kila mmoja kwa shilingi 100, ametoa shilingi 10,000, na kwa wastani atarudishiwa takriban 4,340. Ada iliyokuwa shilingi nane katika kila mia imekuwa zaidi ya hamsini na tano, na hakuna aliyemwambia.

Hesabu hiyo hiyo ina sehemu ya pili, ambayo kwangu mimi ndiyo nzito zaidi. Katika ile mikeka 100, ni 11 hivi inayopita, lakini 27 hivi itachanwa na timu moja tu, na mingine 30 itachanwa na timu mbili. Kwa kila mara moja anayoshinda, kijana ataona mara mbili na nusu mkeka wenye alama tisa za kijani na moja nyekundu. Tafiti za ubongo zimeonyesha kwamba kukosa kwa karibu huamsha sehemu zile zile za ubongo zinazoamshwa na ushindi wenyewe, hata pale ambapo mchezaji hakupata kitu. Fundi akikosea kipimo mara moja tu, kosa hilo kweli linamfundisha na kesho atapima vizuri zaidi. Mkeka uliokosa timu moja haufundishi chochote, kwa kuwa wiki ijayo ni mechi nyingine kabisa, ila unaonja kama funzo. Ndiyo maana yule kijana alicheka.

Atanijibu, na kwa haki, kwamba yeye anaujua mpira. Anajua nani ana jeraha, kocha gani hasikilizwi tena na wachezaji wake, timu gani haishindi ugenini mvua ikinyesha. Simpingi. Tatizo ni kwamba kila anachokijua kimekwisha kuingizwa ndani ya odi na watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, wakisaidiwa na kompyuta. Ili apate faida hatakiwi kuujua mpira tu. Anatakiwa aujue kuliko wao, tena kwa tofauti inayozidi ile ada. Wako wachache duniani wanaoweza, na kampuni nyingi zikiwagundua huwapunguzia kiwango cha dau wanachoruhusiwa kuweka. Biashara hii humkaribisha anayedhani anajua, na anayejua kweli huwekewa mipaka.

Sasa tuje kwenye neno "halali", ambalo limebeba mzigo usio wake. Nchini Kenya michezo ya kubahatisha haikuhalalishwa jana. Sheria iliyounda bodi ya kudhibiti kamari na kutoa leseni ni ya mwaka 1966, na kwa miongo mingi maana yake kwa mwananchi wa kawaida ilikuwa kasino chache za mijini na bahati nasibu za hapa na pale. Ili ucheze kamari ilikubidi uende mahali, uonekane ukiingia, na utoke na nauli au bila nauli. Kilichobadilika si sheria. Mwaka 2007 ilikuja M-Pesa, kisha simu za intaneti za bei nafuu, na kampuni ya kubeti ya SportPesa ilipoanza mwaka 2014 ilikuta barabara imeshatengenezwa: kila kijana alikuwa na benki mfukoni, na Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa kwenye kila kioo cha televisheni. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya jengo lenye mlango ikajikuta inasimamia kitu kisicho na mlango.

Kasi iliyofuata ilikuwa ya kushangaza. Utafiti wa GeoPoll wa mwaka 2017, uliofanywa kwa vijana wa miaka 17 hadi 35 katika nchi kadhaa za Afrika, ulikuta kwamba asilimia 76 ya waliohojiwa Kenya walikuwa wamewahi kucheza kamari, idadi kubwa kuliko nchi nyingine zote zilizohusika, huku Uganda ikifuata kwa asilimia 57. Mwezi Februari mwaka huo huo Mkenya Samuel Abisai alibashiri mechi 17 na kujishindia zaidi ya shilingi milioni 221, na picha zake zikaenea nchi nzima. Mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja zinaweza kupangwa kwa njia 129,140,163. Ubashiri wa mpira si wa kurusha kete, kwa hiyo nafasi ya mjuzi ni nzuri kuliko hiyo, lakini namba hiyo inatoa picha ya umbali wa kilima. Mshindi mmoja alipigwa picha, na walioshindwa, ambao ndio waliochangia zawadi yake, hawakupigwa.

Mwezi Julai 2017 Everton ilitua Dar es Salaam ikiwa na Wayne Rooney na kucheza na Gor Mahia, timu zote mbili zikiwa zimevaa jina la SportPesa vifuani. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioshangilia, na sioni aibu kusema hivyo, maana mpira wetu ulikuwa haujawahi kuona fedha za namna ile. Lakini fedha hizo zilikuwa na kamba. Serikali ya Kenya ilipoipandisha kodi ya kampuni za kubeti hadi asilimia 35 kuanzia Januari 2018, SportPesa ilifuta udhamini wake wote wa ndani, na vilabu vikabaki vinatazamana. Wasimamizi wa michezo walijifunza kwamba kuigusa kamari ni kuugusa mpira, na tangu hapo kila mjadala wa kuwalinda vijana huwa na mtu upande wa pili anayeuliza nani atalipa mishahara ya wachezaji.

Serikali yenyewe ilikuwa na kamba yake. Julai 2019 ilikataa kuzihuisha leseni za kampuni 27 na kuagiza namba zao za malipo zifungwe. Mwaka huo huo ikaweka ushuru wa asilimia 20 kwa kila dau, na ulipofika mwaka 2020 ushuru huo ukafutwa. Mwaka 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ukapandishwa hadi 12.5, mwisho wa 2024 ukafika 15, na Sheria ya Fedha ya 2025 ikaubadilisha kuwa asilimia 5 ya pesa zinazoingizwa kwenye akaunti ya kubeti, pamoja na asilimia 5 nyingine wakati wa kuzitoa. Anayeisoma historia hiyo kwa haraka ataona serikali inayopambana na kamari. Mimi naona mshirika anayebishana kuhusu gawio. Kodi haimpunguzii kijana hatari ikiwa inakatwa kwake. Aliyeingiza shilingi 1,000 anabaki na 950 za kuchezea, akizizungusha mara moja tu kwa ile ada ya kawaida anabaki kwa wastani na 874, na akizitoa anapokea 830, kabla hata hajasuka mkeka wa timu kumi.

Kwa nini basi vijana hasa, na si kila mtu? Sehemu moja ya jibu iko mwilini. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia pupa na kupima matokeo ya mbali, haikomai kikamilifu hadi katikati ya miaka ya ishirini, ilhali hamu ya msisimko huwa imeshakomaa zamani. Sheria inamwita mtu mzima akitimiza miaka 18, nayo inapaswa kuweka mstari mahali fulani, ila ubongo haujui siku ya kuzaliwa. Sehemu ya pili iko mfukoni. Kijana wa miaka 22 anayeishi kwa vibarua hana mshahara wa kupangia bajeti. Ana siku nzuri na siku mbaya, na hela ya leo haitoshi kodi wala haitoshi kuweka akiba inayoonekana. Kwa mtu wa namna hiyo shilingi 50 hazina kazi kubwa nyingine, na mkeka ndio kitu pekee kinachodai kuzigeuza kuwa fedha ya maana. Tunakosea tunapomwita mjinga. Anafanya hesabu ya mtu asiye na njia nyingine ya kupata elfu hamsini kwa mkupuo, na kosa lake liko kwenye namba alizopewa kufanyia hesabu hiyo.

Mkopo ndio unaogeuza hasara kuwa janga. Zamani aliyemaliza hela zake alimaliza, akaenda kulala. Huduma ya Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, humwezesha mtu kukamilisha malipo hata kama salio limeisha, na kando yake kuna programu nyingi za mikopo zinazojibu ombi kwa dakika chache. Bidhaa hizo zina matumizi mema, nimezitumia mwenyewe. Lakini kwa mtu aliyepoteza muda huu huu na anayetaka kukomboa alichopoteza, umbali kati ya hasara na deni umekuwa mibonyezo miwili. Mwanafunzi wa chuo anayepokea fedha za HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa mkupuo mmoja mwanzoni mwa muhula yuko katika hali hiyo hiyo: fungu la miezi kadhaa limewekwa kwenye simu ile ile iliyobeba mchezo.

Na mchezo wenyewe umeongezewa kasi. Mechi ya mpira huchukua karibu saa mbili, na subira hiyo ilikuwa kinga. Aviator, mchezo wa kindege kinachopaa huku kikizidisha dau hadi kitoweke, ulitengenezwa na kampuni ya Spribe ya Georgia mwaka 2019 na sasa umekaa ndani ya kurasa zile zile za kubeti michezo, mbonyezo mmoja kutoka kwenye mkeka. Watengenezaji wanatangaza kwamba hurudisha asilimia 97 ya madau, na kwa kweli hiyo ni ada ndogo kuliko ya mpira. Wachezaji hulisema hilo kama sifa. Lakini raundi moja huisha kwa sekunde chache. Anayecheza raundi 100 kwa saa, shilingi 100 kila raundi, amezungusha shilingi 10,000, na asilimia 3 ya hizo ni 300, ilhali yule wa mechi moja ya shilingi 100 amelipa shilingi nane kwa saa mbili. Kindege hakina kocha wala majeruhi wa kuchambua. Kijana aliyeingia kwa sababu anaujua mpira anajikuta anacheza kitu ambacho hakuna wa kukijua.

Tume ya jarida la kitabibu la The Lancet Public Health iliyotoa ripoti yake Oktoba 2024 ilikadiria kwamba miongoni mwa watu wazima wanaobeti michezo, asilimia 8.9 huenda wana matatizo ya kamari ya kiwango cha ugonjwa, na miongoni mwa wabalehe wanaobeti kiwango hicho ni asilimia 16.3. Neno ugonjwa hapa si la mapambo. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaiweka kamari kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Dalili zake zinafanana: dau la jana halitoshi leo, mtu anakuwa mkali akizuiwa, anadanganya kuhusu pesa, anarudi kesho yake kukomboa. Tofauti moja inawaponza familia nyingi, kwamba uraibu huu haunuki. Mama anayeweza kugundua pombe mlangoni hawezi kugundua mkeka, na mara nyingi hujua siku mkopeshaji anapoanza kuwapigia simu jamaa.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku kabisa. Uganda ilijaribu kuelekea huko Januari 2019, serikali ilipotangaza kwamba haitatoa leseni mpya kwa kampuni za kigeni za kubeti michezo wala kuhuisha za zamani, na kubeti hakukuisha Uganda. Mtandao hauna mpaka wa Busia. Aliyefukuzwa kwenye kampuni yenye leseni anaweza kwenda kwenye ukurasa usio na ofisi wala simu, ambako akishinda hatalipwa na akidhulumiwa hana pa kushtaki. Kwa hiyo sidhani uhalali wenyewe ndio adui. Swali ni uhalali wa namna gani.

Uingereza, ambayo sheria yake ya kamari ya mwaka 2005 ilikuwa miongoni mwa zilizolegea sana, imekuwa ikikaza taratibu, na hatua zake zinafundisha kuliko maneno. Aprili 2020 ilikataza kucheza kamari kwa kadi ya mkopo. Mwaka 2025 iliweka kikomo cha dau kwenye mashine za kamari za mtandaoni, pauni 5 kwa kila mzunguko, na kwa wenye miaka 18 hadi 24 pauni 2 tu, ikikiri katika sheria kwamba mtu mzima wa miaka 19 si sawa na wa miaka 40 mbele ya mashine. Tangu Februari mwaka huo kampuni inatakiwa kuangalia dalili za matatizo ya kifedha kwa mteja ambaye amana zake, ukiondoa alichotoa, zimezidi pauni 150 ndani ya siku 30. Vilabu vya Ligi Kuu navyo vilikubaliana mwaka 2023 kuondoa wadhamini wa kamari mbele ya jezi baada ya msimu wa 2025/26.

Kenya nayo haijakaa kimya. Aprili 2019 bodi ilitangaza kanuni za kukataza watu mashuhuri kupigia debe kamari, na miaka sita baadaye, Aprili 2025, ikalazimika kusimamisha matangazo yote kwa siku 30. Agosti mwaka huo ilitiwa saini sheria mpya inayochukua nafasi ya ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya ya usimamizi. Nikiulizwa mamlaka hiyo ianze wapi, sitaanza na matangazo. Nitaanza na mkopo, ili pesa ya kukopa isiweze kwenda moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya kampuni ya kubeti. Kisha nitazidai kampuni zimwonyeshe kila mteja, kila anapofungua akaunti yake, jumla ya alichoingiza na jumla ya alichotoa tangu siku ya kwanza. Namba hizo kampuni inazo hadi senti ya mwisho. Mteja peke yake ndiye asiyeziona, kwa sababu kichwa cha binadamu huhifadhi ushindi na kusahau zile shilingi hamsini hamsini zilizopotea.

Nilimweleza kinyozi hayo nilipokwenda tena, na kwa kuwa anapenda ubishi alikubali kuomba taarifa yake ya miamala ya miezi sita, ili anionyeshe kwamba yeye hayuko vibaya. Tuliipitia pamoja kwenye benchi, mteja akiwa hayupo. Hakushangazwa sana na jumla. Alikwama kwenye mwezi Machi, kwenye ule ushindi mkubwa ambao alikuwa amewasimulia wateja wake wote, nami pia, zaidi ya mara moja. Ulikuwepo kwenye orodha, kama alivyosema. Chini yake, mstari kwa mstari, mia, hamsini, mia mbili, hamsini, ulikuwa umerudi wote ulikotoka ndani ya siku nne.